Amritsar kwa Msafiri: Mwongozo Kamili wa Kuuzuru Mji Mtakatifu wa Makalasinga

Wageni wengi hufika Amritsar asubuhi kwa treni, wakapiga picha Hekalu la Dhahabu, jioni wakakimbilia mpakani kuangalia gwaride, na kesho yake wakaondoka. Picha zao huwa nzuri. Lakini mji huu wa jimbo la Punjab, kaskazini mwa India, haukujengwa ili utazamwe. Tangu Guru Ram Das, guru wa nne wa Makalasinga, alipochimbisha bwawa lake mwaka 1577, watu wameujia ili waoge, wasikilize nyimbo za ibada, wale pamoja na wajitolee kufanya kazi. Mgeni wa dini yoyote, au asiye na dini, anakaribishwa katika karibu yote hayo bila kiingilio. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na mengine yote yanautegemea, ni huu: lala Amritsar angalau usiku mbili, lala karibu na hekalu, na upange siku zako kwa kufuata saa za ibada.

Msafiri wa Afrika Mashariki ana pa kuanzia. Kama umewahi kupita barabara ya Nairobi–Mombasa ukasimama Makindu, kwenye gurudwara, yaani nyumba ya ibada, iliyojengwa mwaka 1926 na Makalasinga waliokuwa wakifanya kazi relini, ukapewa chapati na dengu na hakuna aliyekudai hata shilingi, basi desturi hiyo umeshaionja. Amritsar utaikuta kwa ukubwa wake wote.

Chagua majira kabla ya kukata tiketi

Oktoba, Novemba, Februari na Machi ndiyo miezi mizuri. Desemba na Januari Punjab hufunikwa na ukungu mzito. Treni huchelewa kwa saa nyingi, ndege huahirishwa, na baridi ya usiku hushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mtu wa pwani asidharau baridi hiyo, kwa sababu hekaluni utatembea peku juu ya marumaru iliyolowa. Mei na Juni ni kinyume chake: joto hupita nyuzi 40, na marumaru ile ile huchoma nyayo mchana. Hutandikwa mikeka ya kupitia, lakini ni afadhali kwenda alfajiri na usiku.

Sikukuu zina raha yake na adha yake. Vaisakhi, sikukuu ya mavuno ya Punjab, huangukia tarehe 13 au 14 Aprili. Siku ya kuzaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hii, husherehekewa kwa kawaida mwezi Novemba. Usiku wa Diwali, Makalasinga huadhimisha Bandi Chhor Divas, kumbukumbu ya Guru Hargobind, guru wa sita, kuachiliwa kutoka kifungoni katika ngome ya Gwalior, na hekalu lote huwashwa taa na fataki. Ukitaka kuona umati na shangwe, nenda siku hizo, lakini weka nafasi ya kulala mapema sana na ujiandae kusimama foleni kwa saa nyingi. Wiki ya kwanza ya Juni ni jambo jingine. Juni 1984 jeshi la India lilishambulia eneo la hekalu ili kuwatoa wapiganaji waliokuwa wamejichimbia ndani, mahujaji wengi waliuawa, na Akal Takht, jengo la mamlaka ya kidini, liliharibiwa vibaya. Kila mwaka siku hizo ulinzi huongezwa na mioyo huwa mizito. Kwa safari ya kwanza, chagua wiki nyingine.

Viza, chanjo na njia ya kufika

Viza ya kielektroniki huombwa kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India, ambayo anwani yake inaishia na gov.in. Kuwa makini hapo, kwa sababu ukitafuta kwenye intaneti zitakutangulia tovuti za mawakala zenye sura ya kiserikali, zinazotoza zaidi kwa kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi na kurasa mbili tupu. Ukipata idhini, ichapishe kwenye karatasi. Usitegemee simu peke yake.

Jambo linalowakwamisha watu wetu kuliko viza ni kadi ya njano. India ni kali kuhusu homa ya manjano kwa abiria wanaotoka, au waliopitia, nchi zilizo kwenye orodha yake, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo chanjo ya siku mbili kabla ya safari haitakusaidia. Anayefika bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mtanzania naye, hata kama tiketi yake inapitia Nairobi au Addis Ababa kwa saa chache tu, abebe kadi yake.

Kwa ndege, Nairobi na Dar es Salaam zina safari za moja kwa moja hadi Mumbai. Shirika la Ethiopia hupitia Addis Ababa na kutua Delhi na Mumbai. Njia ninayoipenda zaidi kwa mtu asiyetaka kuzunguka ni ya Doha, kwa sababu Qatar Airways hutua Amritsar kwenyewe. Walioko Dubai na Sharjah wana ndege za moja kwa moja pia. Uwanja wa ndege wa Amritsar umepewa jina la Guru Ram Das, nao uko kilomita 11 hivi kutoka mjini.

Ukitua Delhi, panda treni. Ni kilomita 450 hivi, na treni za viti za Shatabdi na Vande Bharat huzimaliza kwa muda wa kati ya saa tano na nusu na saa sita na nusu, chai na chakula vikiletwa kitini. Mauzo ya tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Kujisajili kwenye mfumo wa reli kwa namba ya simu ya nje kunasumbua. Ukishindwa, nenda na pasipoti yako kwenye ofisi ya watalii wa kigeni iliyoko ghorofa ya kwanza ya stesheni ya New Delhi. Nje ya stesheni hiyo kuna watu watakaokuambia kwa uso mkavu kwamba ofisi imefungwa, imeungua au imehamishwa. Wapite, uingie ndani ujionee. Kutoka Mumbai kuna treni ya zamani iitwayo Golden Temple Mail, inayochukua zaidi ya siku nzima. Mwenye muda na subira ataiona India ikibadilika dirishani, kutoka minazi hadi mashamba ya ngano.

Mahali pa kulala

Hekalu lina nyumba zake za wageni, zinazoitwa sarai, na ya zamani zaidi ni Guru Ram Das Niwas, hatua chache kutoka lango la mashariki. Humo kuna sehemu iliyotengwa kwa wageni wa kigeni: vitanda vimepangwa kwa kubanana, bafu ni la pamoja, taa hazizimwi sana na kelele haziishi. Hulipi kitu, ila kuna sanduku la sadaka, na mgeni hukaribishwa kwa usiku tatu tu. Leta kufuli lako la kufungia mizigo na shuka nyepesi. Nyumba nyingine, kama Guru Arjan Dev Niwas na Saragarhi Niwas, zina vyumba vya kulipia kwa bei nafuu, lakini hujaa mapema.

Familia yenye watoto wadogo au wazee itapumzika vizuri zaidi kwenye hoteli za kawaida zilizojaa vichochoro vya mji wa kale. Unapochagua, uliza jambo moja tu: ni dakika ngapi kwa miguu hadi hekaluni? Zikizidi kumi, hutaamka alfajiri, na alfajiri ndiyo uliyoifuata.

Kutoka stesheni hadi hekaluni ni kama kilomita mbili, na kuna mabasi ya bure ya hekalu pamoja na bajaji za umeme zinazobeba watu kwa bei ndogo. Kipande cha mwisho, kutoka Town Hall, kimefungwa kwa magari tangu kilipotengenezwa upya mwaka 2016. Mizigo yako utaiburuta mwenyewe juu ya mawe yaliyosakafiwa, kwa hiyo njoo na begi jepesi.

Mavazi, kichwa na miguu

Sheria ni chache na hazina ubaguzi: kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, mtoto kwa mzee, afunike nywele muda wote awapo ndani, avue viatu na soksi, mabega na magoti yafunikwe, asiwe na sigara, tumbaku wala kileo mwilini au mfukoni. Kofia ya jua haihesabiwi kuwa kifuniko. Langoni kuna kapu la vitambaa vya rangi ya machungwa vya kuazima bure, na nje wachuuzi watakuandama wakitaka ununue. Huhitaji kununua. Mwanamke aliyebeba mtandio au kanga amemaliza kila kitu, kwani kanga huficha nywele, hufunika mabega na jioni humkinga na baridi. Wanaume wabebe leso kubwa ya kufunga kisogoni.

Viatu hukabidhiwa kwenye chumba maalumu karibu na kila lango, nawe hupewa kibati chenye namba. Simama hapo kidogo utazame. Wanaopokea viatu kwa mikono miwili na kuvifuta vumbi wengi wao ni watu wa kujitolea: mwalimu mstaafu, mwenye duka, binti wa chuo. Katika mafundisho yao, kushika viatu vya msafiri asiyejulikana ni ibada ya kuvunja kiburi, na watu wenye mali zao huja kuomba zamu. Kutoka hapo utapita kwenye kijito kifupi cha maji cha kuoshea nyayo, kisha ngazi.

Kuingia na kuzunguka bwawa

Ngazi zinashuka. Hekalu lenyewe, ambalo jina lake ni Harmandir Sahib na wenyeji huliita pia Darbar Sahib, limejengwa chini ya usawa wa mji, katikati ya maji, ili kila aingiaye ateremke kwanza. Lina milango minne, mmoja kila upande wa dunia, kuonyesha kwamba hakuna anayezuiwa. Lilijengwa na Guru Arjan, guru wa tano, ambaye mwaka 1604 aliweka ndani yake kitabu kitakatifu alichokikusanya. Masimulizi yao yanasema jiwe la msingi liliwekwa na sufi Mwislamu wa Lahore, Mian Mir, na ndani ya kitabu kile zimo beti za sufi Sheikh Farid na za mshairi Kabir pamoja na za maguru wenyewe. Msomaji Mwislamu atakayejiuliza kama anastahili kukanyaga hapo amekwisha kujibiwa. Dhahabu ilikuja baadaye sana, karne ya 19, kwa amri ya Maharaja Ranjit Singh, mtawala wa Punjab, baada ya majeshi ya Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Waafghani, kulibomoa hekalu katika karne ya 18 na Makalasinga kulijenga tena.

Zunguka bwawa kwa kufuata mwendo wa saa, bwawa likiwa mkono wako wa kulia. Usiharakishe. Upande wa mashariki kuna mkunazi mkongwe uitwao Dukh Bhanjani Beri, ambako mapokeo yanasema mwenye ukoma alioga akapona, na ndipo wagonjwa wengi huoga. Wanaume huoga wakiwa na bukta, wakishika minyororo iliyofungwa ukingoni. Wanawake wana sehemu yao iliyozungushiwa ukuta. Hata mgeni anaruhusiwa, ila bila sabuni na bila kuogelea. Ukikaa ukingoni, kunja miguu. Usiining'inize majini wala usiielekeze kwenye hekalu. Walinzi wenye mikuki watakusogelea wakukumbushe, kwa upole lakini bila mjadala.

Picha hupigwa kwenye njia ya kuzunguka, ingawa watu wa video za kucheza na kujipodoa wanakatazwa, na nadhani ni haki. Ndani ya hekalu picha ni marufuku kabisa. Ukitaka kumpiga picha mtu anayeoga au kuomba, mwombe ruhusa au umwache.

Foleni ya kuingia ndani

Upande wa magharibi, lango la Darshani Deori hufungua njia ya marumaru inayokatiza maji hadi mlangoni. Hapa foleni inaweza kuchukua nusu saa au zaidi ya saa mbili; Jumamosi na Jumapili ndizo mbaya zaidi. Kabla ya kujipanga, unaweza kupitia dirisha la sadaka ukanunua karah prashad, halua ya unga wa ngano, samli na sukari, iliyotiwa kwenye bakuli la majani. Utaikabidhi njiani, nusu hubaki kwa ajili ya kugawiwa wote. Usiponunua hupungukiwi kitu, maana wakati wa kutoka kila mtu hupewa tonge lake. Lipokee kwa viganja viwili vilivyounganishwa. Ni la moto, linateleza kwa samli, nalo huliwa palepale. Huko ndani kulikataa ni kukosa adabu.

Ukifika mlangoni, watu hupiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso mbele ya kitabu, Guru Granth Sahib, kilichowekwa chini ya kitambaa cha thamani. Mgeni anaweza kuinamisha kichwa tu. Hakuna sanamu. Waimbaji wamekaa pembeni na kinanda cha kuvuta upepo na tabla, na wanachokiimba ndicho ulichokuwa ukikisikia kwenye vipaza sauti tangu uliposhuka ngazi. Wengi husukumwa na umati wakatoka baada ya dakika moja. Wewe panda ngazi nyembamba hadi ghorofa ya juu, tafuta nafasi ukutani, kaa sakafuni. Hakuna atakayekuondoa. Kutoka huko unawaona waimbaji chini na mahujaji wakiingia wimbi baada ya wimbi, na kwa mara ya kwanza unapata nafasi ya kusikiliza.

Alfajiri na usiku: msafara wa kitabu

Kila siku kabla ya mapambazuko, kitabu hutolewa Akal Takht, jengo lililoasisiwa na Guru Hargobind mwaka 1606, kikabebwa kwenye machela ya dhahabu hadi hekaluni. Usiku hurudishwa kulala. Majira ya joto msafara wa alfajiri huwa karibu saa kumi, na wakati wa baridi karibu saa kumi na moja; wa usiku huwa kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu. Ulizia saa ya wiki hiyo kwenye ofisi ya habari iliyo karibu na mnara wa saa.

Fika nusu saa kabla, usimame kati ya Akal Takht na Darshani Deori. Tarumbeta kubwa iliyopinda hulia, maua humwagwa, maji ya waridi hunyunyizwa, na wanaume hupishana chini ya miti ya machela ili kila mmoja aibebe begani japo kwa hatua tatu. Msongamano ni mkali lakini haugeuki kuwa fujo. Mwenye mtoto mdogo akae nyuma kidogo, karibu na nguzo. Ukiweza kuona msafara mmoja tu, chagua wa alfajiri: baada yake kuna saa moja ambapo mbingu inabadilika rangi juu ya maji na watalii wa mchana bado hawajaamka.

Langar: kula na kufanya kazi

Langar ya Guru Ram Das, yaani jiko la hekalu linalolisha watu bure, hupika mchana na usiku bila kufungwa, na hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku. Sikukuu hupita laki moja. Chakula hakina nyama wala mayai, kwa hiyo Mwislamu, Mhindu na Mkristo aliyefunga wote wanakula bila wasiwasi.

Utaratibu wake ni huu. Mlangoni unapewa sahani ya chuma yenye vigawanyo, bakuli na kijiko. Unasubiri kundi lililo ndani litoke, kisha ukumbi unafunguliwa na mamia wanaingia kwa pamoja, wakakaa kwenye mistari juu ya jamvi, miguu imekunjwa. Usichague pa kukaa, kaa palipofuata. Anapita mtu na ndoo ya dengu, mwingine na mboga, mwingine na wali mtamu wa maziwa. Mwenye kapu la chapati akikufikia, inua mikono miwili viganja vikiwa wazi, naye atakudondoshea chapati juu yake. Hutupiwi kwenye sahani, wala hunyoshi mkono mmoja kuichukua. Hiyo chapati unaipokea kama kitu ulichopewa na Mungu. Ukitaka zaidi, omba tena hata mara tatu. Usichokitaka, funika sahani kwa kiganja kabla hakijamiminwa, kwa sababu kubakiza chakula ndiyo aibu pekee ya ukumbi huu. Utaratibu wa kukaa chini pamoja ulianza na Guru Nanak mwenyewe na ukaimarishwa na waliomfuata, katika nchi ambayo watu wa tabaka la juu hawakukubali kula mstari mmoja na wa tabaka la chini. Kwa hiyo pembeni yako anaweza kukaa hakimu au mwokota chupa, nanyi mtakula dengu ile ile.

Ukimaliza, toa sahani yako mwenyewe. Hapo utasikia mlio kabla hujauona: maelfu ya sahani za chuma zikipokezanwa na kutupwa kwenye mahodhi, na safu za watu waliokunja mikono wakiziosha mara kadhaa, hodhi hadi hodhi. Usiondoke. Sogea penye pengo, mwonyeshe aliye jirani kwamba unataka kusaidia, atakusogezea nafasi bila kukuuliza jina. Kama maji yanakushinda, kuna wanaomenya vitunguu saumu na vitunguu maji sakafuni, na wanawake wanaosukuma chapati wakizungumza kutwa nzima. Dada wa Kiafrika anayejua kusukuma chapati atapata marafiki hapo kabla hajamaliza donge la pili. Hakuna kujiandikisha, hakuna muda maalumu. Fanya nusu saa, au asubuhi yote. Mimi ningeikata ratiba nyingine yoyote ya Amritsar kabla ya kuikata hii.

Sadaka ni hiari. Kuna masanduku kila mahali, na hakuna ajuaye umetia nini.

Kuta zenye matundu

Dakika tano kutoka hekaluni kuna Jallianwala Bagh. Tarehe 13 Aprili 1919, siku ya Vaisakhi, Jenerali Reginald Dyer wa jeshi la Waingereza aliingia na askari kwenye uwanja huo uliozungukwa na kuta, bila onyo akaamuru wawafyatulie risasi watu waliokusanyika. Walifyatua kwa dakika 10 hivi, risasi 1,650. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilikuwa watu 379 waliokufa. Wahindi wenyewe walikadiria 1,000 au zaidi. Kuingia ni bure. Utapita kwenye kichochoro chembamba ambacho askari walipitia, utaona matundu ya risasi yaliyozungushiwa alama, na kisima ambacho watu walijirusha wakikimbia kifo. Sehemu hii ilikarabatiwa mwaka 2021 na kichochoro kikawekwa sanamu ukutani, jambo ambalo wengi nchini India walilipinga. Nakubaliana nao. Ukuta mtupu ulitosha. Nenda asubuhi mapema, kabla ya makundi ya picha.

Town Hall, mwanzo wa ile barabara ya miguu, ndimo mlimo na Makumbusho ya Mgawanyiko, yaliyofunguliwa mwaka 2017. Mwaka 1947 India iligawanywa ikazaliwa Pakistan, mpaka mpya ukapita kati ya Amritsar na Lahore, na mamilioni wakahama pande zote mbili. Humo kuna masanduku ya bati, barua, funguo za nyumba ambazo hazikurudiwa, na sauti za wazee wakisimulia. Tenga saa mbili. Hufungwa Jumatatu.

Njiani, kwenye soko la Hall Bazaar, kuna Msikiti wa Khairuddin uliojengwa mwaka 1876. Mwislamu atapata pa kuswali Ijumaa, na ua wake ni pahali pa kupumzika kutoka kelele za sokoni.

Mpakani Wagah

Kilomita 30 hivi magharibi, kila jioni kabla ya jua kuzama, askari wa India na wa Pakistan hushusha bendera zao kwa gwaride la mbwembwe. Sherehe hiyo iliporejea Mei 2025, baada ya mapigano kati ya nchi hizo, ilirejea imepunguzwa: malango hayakufunguliwa na askari hawakupeana mikono. Uliza hotelini hali ya wiki hiyo kabla ya kulipia gari. Kuangalia ni bure, kwa hiyo usikubali kuuziwa "tiketi". Beba pasipoti, acha begi, kwani mabegi hayaruhusiwi, na ufike mapema sana. Ikiwa una siku moja tu na lazima uchague kati ya Wagah na jioni ya hekaluni, baki hekaluni.

Chakula cha mtaani na maji

Mji huu hula kwa furaha. Kifungua kinywa ni kulcha, mkate wa tandoori uliojazwa viazi, kwa dengu kubwa nyeupe na achari. Lassi, kinywaji cha mtindi, huletwa kwenye bilauri ndefu yenye utando mzito wa malai juu. Moja inatosha watu wawili. Kesar da Dhaba, iliyojificha kwenye vichochoro vya mji wa kale, hupika dengu nyeusi usiku kucha kwa samli. Samaki wa kukaanga wa Kiamritsari ni mashuhuri, lakini mtafute nje ya mji wa kale. Karibu na hekalu usiulizie nyama, pombe wala sigara. Hekaluni maji ya kunywa hutolewa kwenye mabakuli ya chuma, na tumbo geni ni bora libaki na chupa iliyozibwa kwa siku za mwanzo.

Mambo madogo yanayookoa safari

Beba rupia taslimu. Malipo ya simu yameenea hadi kwa muuza chai, lakini mfumo huo umefungamana na benki za India, na huduma zetu za pesa kwa simu hazitambuliki. Laini ya simu inahitaji pasipoti, na ni rahisi zaidi kuinunua uwanja wa ndege.

Mwafrika atatazamwa sana na ataombwa picha. Hekaluni macho hayo mengi ni ya ukarimu, hasa ya familia kutoka vijijini zinazokuja kwa mara ya kwanza kama wewe. Ukichoka, kunja mikono kifuani useme "Sat Sri Akal" na uendelee na safari yako. Salamu hiyo hufungua milango na hufunga mazungumzo kwa heshima. Wakikuuliza umetoka wapi, taja Kenya, Uganda au Tanzania. Punjab kuna nyumba nyingi zenye mjomba aliyewahi kuishi Nairobi, Kampala au Kisumu, na si ajabu mzee akakujibu kwa Kiswahili cha zamani.

Mwanamke anayesafiri peke yake atakuwa salama zaidi hekaluni saa nane za usiku kuliko mitaa ya stesheni saa mbili jioni. Wanaojitolea, waliovaa vilemba vya buluu au njano, ndio wa kuwaendea ukipotea au ukisumbuliwa. Madereva wanaodai kwamba hekalu limefungwa leo ili wakupeleke kwenye maduka ya ndugu zao wanasema uongo, hekalu halifungwi.

Ukipata siku ya tatu

Panda basi uende Tarn Taran, kilomita 25 hivi kusini, kwenye gurudwara iliyojengwa na Guru Arjan, yenye bwawa kubwa kuliko la Amritsar na wageni wachache sana. Endelea hadi Goindwal, penye kisima cha ngazi 84 alichokichimbisha Guru Amar Das, guru wa tatu, ambapo mahujaji hukariri sala kwenye kila ngazi. Kote huko kuna langar, kwa hiyo chakula cha njiani hakikuhusu. Rudi mjini kabla ya giza, chukua begi lako, na kama treni ya Delhi ni ya alfajiri, agiza bajaji usiku uliotangulia kwa kukutania Town Hall, kwa sababu haitaruhusiwa kukufuata hadi mlangoni.